Jina Lililotoka Kila Jioni

Jumatano ya pili ya mwezi wa nne, mwaka uliopita, dada yangu mkubwa alifariki. Pamoja naye tulipoteza njia ya maziwa, ingawa hilo tulichelewa kulijua. Friza ilikuwa pale pale, mitungi imepangwa ukutani, na maziwa ya ngamia yaliendelea kuja kwa siku chache kama maji yanayobaki kwenye bomba baada ya kufungwa.

Sisi tumezaliwa Isiolo mjini. Wazazi wetu walitoka Meru. Dada alianza kununua maziwa kwa akina mama Wasamburu wa upande wa Kipsing, na miaka ilivyokwenda wakawa kama jamaa zake. Jioni aliwapigia simu mmoja mmoja. Alfajiri pikapu ilileta mitungi, kila mmoja na alama yake kwenye mshikio: kamba nyekundu, kipande cha leso, ushanga. Dada alifungua, akanusa ule moshi wa kufukizia mtungi, akajua ni wa nani na umelala wapi. Yaliyo mazuri yakapanda basi la Nairobi. Mimi niliosha mitungi. Shule niliishia darasa la nane, na sikuwahi kuulizwa zaidi ya hapo.

Alipokufa aliacha mabinti wawili sekondari, na hakukuwa na kitu kingine cha kuwasomeshea ila maziwa hayo. Nikafunga leso kiunoni nikakaa kwenye kiti chake.

Mwezi wa sita akaja kijana mmoja. Alisema anatoka kwenye mradi unaosaidia biashara ndogo kupanga mambo ya teknolojia.

"Habari mama. Pole kwa msiba."

Nikajiuliza nani amemwambia. Viatu vyake vilikuwa safi, na barabara yetu haina mtu wa viatu safi asiyetaka kitu.

Nilingoja aniuzie kompyuta. Badala yake alitoa karatasi kubwa, akaibandika ukutani juu ya kalenda ya kanisa.

"Kompyuta hununui," akasema. "Si sasa. Kwanza tuchore kazi inavyotembea. Ukiweka mashine juu ya vurugu, unapata vurugu inayokula umeme."

Hapo ndipo nilipomshuku kabisa. Muuzaji anayekuuzia namwelewa. Anayezunguka sokoni bila kuuza wala kununua, huyo akipita nahesabu vitu vyangu.

Mama anayeuza miraa ng'ambo ya barabara alivuka kuja kuchungulia. "Anakuchora wewe," akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata kijana aliisikia. "Akimaliza, duka atalijua kuliko wewe."

"Na wewe umekuja kuangalia nini?"

"Mimi naangalia viatu."

Kijana akacheka, akaendelea kuchora. Hapa akina mama, hapa pikapu, hapa friza, basi, wateja wa Nairobi. Akaunganisha kwa mishale. Halafu akaanza maswali.

"Akina mama wanaoleta ni wangapi?"

"Wako."

"Wako wangapi?"

"Wa kutosha."

"Mama, hapa siwezi kuandika 'wa kutosha'."

"Basi acha wazi."

Akaacha wazi. Kisha akaonyesha duara dogo katikati ambalo ndani yake hakuwa ameandika kitu. Mishale yote ilipita hapo. "Hapa alikuwa nani?"

Nikachukua mtungi nikaanza kuupangusa.

"Ni yeye?" Akaligusa duara kwa kalamu. "Basi hapa ndipo njia ilipokatikia. Kila kitu kilipita kwa mtu mmoja."

Alisema kweli, lakini alisema kama fundi anayeonyesha bomba lililopasuka, na sikumpenda kwa hilo.

Mpango wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoogopa. Kila jioni ujumbe mmoja ungetumwa kwenye simu za akina mama wote, ukiwauliza kesho wana mitungi mingapi. Wangejibu kwa namba tu. Mimi ningejua mapema pikapu inabeba nini na wateja niwaambie nini. Mizani ya kisasa, kompyuta na mengine yangekuja baadaye, moja baada ya jingine, hili likishasimama. Namba za simu niliziingiza mwenyewe kwenye mashine yake, nikiwa nimempa mgongo.

"Ujumbe utoke kwa jina gani?" akauliza. "Jina litakaa juu, kabla ya maneno."

"Jina lake."

"La marehemu?"

"Biashara ni yake."

Alifikiri. "Sawa. Wanalijua, wataliamini."

Sikumwambia jambo jingine: kwamba nyumbani hakuna aliyeweza kulitamka lile jina bila kulia, na nilifurahi kwamba kila jioni litatoka, liende mbali, lisomwe.

Siku za kwanza majibu yalikuja. Baadaye yakapungua. Pikapu ikaja na nusu ya mitungi, kisha chini ya nusu. Kamba nyekundu ikakosekana. Ushanga ukakosekana.

"Wanasema hakuna maziwa," dereva akaniambia. "Ukame."

Nikatazama magurudumu yake. Yalikuwa na matope hadi juu.

Wiki hiyo hiyo nikapita upande wa pili wa mji, nikamwona yule kijana ndani ya duka la mnunuzi mwingine wa maziwa, karatasi imeviringishwa kwapani. Nikaona nimeelewa yote. Alichora njia yetu, akaenda kuiuza. Usiku nilipowatazama wasichana wa dada wakifanya hesabu zao za shule, sikuweza kuwaambia kitu.

Alipokuja tena sikumpa kiti.

"Umewapeleka wapi akina mama wangu?"

"Mathe, sijawahi kuongea na hata mmoja. Namba zenyewe ulinificha."

"Na kule nilikokuona?"

"Yule pia yuko kwenye mradi. Nachora kazi yake. Siwezi kukuonyesha yake, wala yeye simwonyeshi yako."

"Mtu mwenye funguo za nyumba mbili," nikamwambia, "ikiibiwa moja, aulizwe nani?"

Akaaga. Alipoondoka niliibandua karatasi, nikaikunja, nikaiweka chini ya kitanda.

Siku ya soko la mifugo nikasikia mama wa miraa akiita kutoka ng'ambo: "Wewe! Mgeni wako anaogopa mlango wako!"

Alikuwa mama wa kamba nyekundu, amesimama kando ya meza ya miraa na fimbo yake, macho yakielekea dukani kwangu lakini miguu haivuki. Nikamwendea. Akanishika mkono kwa muda mrefu.

"Huyo mtu wetu," akasema, "si amekufa?"

"Amekufa. Ulikuja mazishini."

"Nilikuja. Sasa kwa nini anaita sisi kila jioni?"

"Ni simu tu, yeyo," nikamwambia, nikimwita mama kwa lugha yake.

"Mimi sijui kusoma. Msichana yangu ndiye anasoma. Amesoma hiyo jina kwa sauti, ndani ya nyumba, watoto wamekaa hapo. Sisi mtu akikufa, jina yake tunaacha. Tunasema tu, yule mama wa maziwa. Lakini wewe unaita yeye, unaita. Unataka akuje achukue nani?"

Mama wa miraa aliacha kutafuna.

"Wengine wametoa laini kwa simu," mama akaendelea. "Mimi yangu nimefunga na kitambaa."

Nikamuuliza swali nililoliogopa. "Na sasa maziwa mnamuuzia nani?"

Akanitazama kana kwamba sina akili. "Tunakunywa. Watoto wamenona kama ndama."

Nilitoa karatasi chini ya kitanda nikampelekea kijana. Nilimweleza yote. Alilitazama lile duara lisilo na maandishi.

"Hili sikuuliza," akasema.

"Na mimi sikulijua."

Akafungua kompyuta yake hadi mahali pa jina, akanigeuzia. "Futa wewe."

Ni jina refu. Nilifuta herufi moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, mpaka sehemu ile ikabaki nyeupe.

"Tuweke nini?"

"Weka Maziwa."

Nikamwambia ujumbe usitumwe kwanza, nianze mimi kuwapigia, mmoja mmoja, jioni, kama ilivyokuwa. Akachora mshale mdogo mpya kwenye ile karatasi. Nilipotaka kubaki nayo, akanipa bila shida, akasema nakala iko kwenye kompyuta. Nani mwingine ameiona nakala hiyo, mpaka leo sijui.

Niliwapigia. Baadhi ya simu hazikupatikana, na hazijapatikana tena.

Asubuhi ya tatu pikapu ikaja. Haikujaa. Lakini nyuma kabisa palikuwa na mtungi wenye kamba nyekundu, kamba mpya. Nikaushusha, nikaufungua, nikanusa moshi. Sikuweza kujua ulilala wapi. Nikaonja, maziwa yalikuwa mazuri, nikayamimina kwenye dumu la kwenda Nairobi.