Mama Kimya na godoro la mgeni asiyetajwa

Saa tatu asubuhi, mlango wa chumba cha mwisho, ghorofa ya pili ya jengo la chuo, umefungwa kwa ndani. Mama Kimya anavaa hedfoni, anakanyaga pedali ya kuendesha rekodi iliyo chini ya meza, na vidole vinaanza kukimbia juu ya kibodi.

Masikioni mwake kuna mwanamke anayesimulia alivyopigwa. Mwanamke ananyamaza. Mama Kimya anaandika: "Kimya. Kirefu."

Hapo ndipo lilipotoka jina lake la utani. Watafiti wa chuo hiki wanachunguza wanaume wanaowadhuru wake zao, na wanataka kila kitu kiandikwe: kikohozi, kicheko cha woga, hata pumzi. Yeye ndiye anayegeuza mahojiano kuwa maandishi. Majina anayafuta, anaweka namba.

"Wanangu wakisikia naitwa Mama Kimya wanacheka mpaka wanakaa chini," anasema mama huyu mwenye stashahada ya uhazili. "Nyumbani mdomo wangu hauna likizo."

Kazi yake ina kanuni moja ngumu. Ukiitambua sauti, unavua hedfoni papo hapo, unarudisha rekodi, na humwambii mtu. Hata mwenye sauti mwenyewe.

Kwa miaka mingi kanuni hiyo haikumgusa. Mwezi uliopita ikamgusa.

"Ana namna yake ya kusafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Nikamjua," anasema. "Mkono ukawa mzito. Mpaka navua, nilishasikia kwamba anajiandaa kuondoka, na kwamba mume akijua atamuua."

Hasemi ni nani. Anaweza kuwa ndugu, wifi, jirani au mwenzake wa kwaya. Hatukumuuliza.

Alimpelekea rekodi mkuu wa utafiti.

"Usinitajie jina," mkuu akamwahi.

"Basi nifanye nini, dokta?"

"Tulishampa namba ya kituo cha msaada. Ukimfuata, atajua siri imevuja. Ataogopa, na mumewe atanusa."

Kisha akamkumbusha jambo ambalo Mama Kimya mwenyewe amelichapa mara nyingi: hatari huwa kubwa zaidi pale mwanamke anapofunga mizigo.

"Najua anasema kweli," anasema. "Ndiyo maana silali."

Siku zile sufuria ziliungua na wanawe walikula wali wenye moshi. Simu ikilia, anaruka. Kumfuata mwanamke yule hawezi, kukaa tu pia hawezi.

Ndipo akapata njia. Akaanza kuwaambia wanawake wote anaowajua, mmoja mmoja, bila kumruka yeyote: kwangu kuna godoro, na mlango haubagui saa. Aliwaambia wanakwaya, mawifi, fundi cherehani, hata muuza mkaa.

"Muuza mkaa ni mjane. Akaniambia, 'Mwenzangu, wangu yuko kaburini, nani atanipiga?' Nikamjibu, 'Basi njoo tu ulale.'"

Godoro lenyewe limesimamishwa sebuleni kwake, nyuma ya kochi, likiwa na shuka safi juu. Binti yake mkubwa amechoka kulizunguka.

"Mama, huyo mgeni anakuja lini?"

"Akija utamwona."

Mazungumzo yetu hapa sebuleni kwake yanakatwa na hodi. Mama Kimya yuko mlangoni kabla haijarudiwa. Ni mtoto wa jirani, ametumwa kuazima pasi. Anampa, anafunga mlango, anarudi kukaa taratibu.

Na yule mwenye sauti, tunauliza, naye alimwambia?

"Niliwaambia wote." Anakunja kanga mapajani, anaikunjua. "Mmoja alisafisha koo. Nikasubiri. Akaniaga, akaenda zake."

Tangu siku hiyo hajamwona. Hawezi kupiga simu, maana hajui ataipokea nani.

Anachotaka sasa ni hodi moja tu.

"Aje hata bila viatu," anasema, macho yakiwa mlangoni. "Sitamuuliza kitu. Mtu akinyamaza, mimi najua kusubiri."