Asmini za Mavyaa na Uzi wa Kijani

Nyinyi mnaouliza kwa nini kila yakifika maonyesho ya maua pale Forodhani mimi najitia naumwa kichwa, basi leo nitakwambieni, na mcheke mtakavyo, maana aibu yenyewe nshaizoea: mimi ndiye yule mwanamke aliyeumbuliwa na kunguru mbele ya watu.

Miaka ya hamsini hiyo, nami bado bibi harusi, miezi minne tu ndani ya nyumba ya mtaa wa Malindi, niko na mume wangu Haji, baharia, na mavyaa wangu Bi Mwanaidi, mama yake Haji (Mungu amrehemu, mama mwema, lakini wakati ule akikohoa tu mimi nasimama). Uani alikuwa na mti wa asmini ndani ya chungu kikubwa, akiumwagilia maji ya kuoshea mchele na kuusalimia asubuhi kabla hajatusalimia sisi, na hamu yake yote ilikuwa kumshinda Bi Zeyana wa nyumba ya pili, ambaye kwa mawaridi yake alishachukua nambari moja mara mbili mfululizo na hakuacha mtu asahau.

Sasa mwaka huo, wiki ya maonyesho, wifi yangu kajifungua huko Mpendae, mavyaa ikambidi aende akamlee mzazi. Kabla ya kutoka akaniita.

"Naam, mama."

"Jumapili mti uwe Forodhani saa tisa, mimi nitakuja moja kwa moja. Matumba usiyaguse hata moja, yatachanua jioni mbele ya macho yao. Ukinifikishia salama, hizi zako." Akatikisa funguo za kabati la vyombo alizozifunga pembeni mwa kanga.

Mnajua maana ya funguo zile? Miezi minne nakaa nyumba ile nikitaka sahani ya mgeni niombe. Nikajiapiza funguo nitazipata.

Basi Jumamosi alasiri, nani kagonga mlango? Haji, karudi safari baada ya wiki tano, nami sijamtazamia mpaka wiki ijayo. Nikasema nitachuma asmini kidogo tu, za kikuba kimoja, kile kishada cha kujipamba kifuani. Nikachuma. Kikuba kikawa kidogo, nikaongeza za nywele. Nywele zikapendeza, nikaona kitanda nacho kitakuwa mkiwa (na bibi harusi gani asiyemwaga asmini kitandani mumewe akirudi?), mkono ukaendelea, na nilipokuja kutazama mti umebaki kijani mtupu kama fungu la mchicha.

Asubuhi akili zikanirudia.

"Mwambie mama kweli," Haji akasema.

"Kweli gani? Nimwambie maua yake tumeyalalia?"

Mimi nikavaa buibui mpaka sokoni, nikanunua matumba ya asmini kikapu kizima, nikarudi nikakaa uani na sindano na uzi wa kijani. Kushona vikuba nimefundishwa tangu mdogo, mkono wangu mwepesi, na nikasema mti ule utakwenda Forodhani na maua hata kama nitayashona moja moja. Haji kashika kibiringo cha uzi, mimi natunga na kuzungusha, tawi hili mpaka tawi lile, jasho linanitoka, na kwa kuwa saa zinakimbia sikukata uzi hata mara moja. Uzi mmoja tu, kuanzia juu mpaka chini, na mkia wake nikauacha unaning'inia, nikasema nani atauona.

Hamali akatusukumia chungu kwenye gari lake mpaka Forodhani. Bustani imejaa: bendi inapiga, mabibi wa Kihindi wamekuja na vyungu vyao vya mrehani, watoto wanatafuna njugu, na juu ya miti kunguru wamepanga mstari (ndio msimu wao wa kujenga viota, kutwa wanaiba vijiti na nyuzi, nami akili hiyo sikuwa nayo). Bi Zeyana amekaa karibu na mawaridi yake, anayapepea.

Mavyaa akafika kutoka Mpendae. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba bila ya kunitazama, macho yako kwenye mti. Jua limeanza kulegea, matumba yanafunguka, harufu imetapakaa, hata nyuki wamedanganyika wanazunguka. Akasema taratibu, "Mwaka huu umechanua kuliko miaka yote." Moyo wangu uliniuma pale, msidhani haukuniuma, lakini nikang'ata meno.

Bwana shamba, yule wa kuchagua washindi, akapita na kofia yake, akanusa, akarudi tena, akaweka kile kikaratasi cha nambari moja kwenye chungu chetu. Bi Zeyana akaacha kupepea. Mavyaa akageukia watu, akasema, "Mkwe wangu huyu ndiye aliyeutunza," huku anafungua fundo la kanga, funguo zimo mkononi mwake, mimi nshanyoosha mkono.

Kunguru akatua. Akauona ule mkia wa uzi, akaushika kwa mdomo, akaruka nao. Na asmini zikaanza kutoka mtini, moja nyuma ya nyingine, mstari mrefu mweupe kama nguo zimeanikwa kambani, zikapita juu ya bendi, mpiga tarumbeta akasahau kupuliza. Hapo mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nikaukamata uzi upande wa pili, nikavuta. Kunguru akavuta. Nikaukaza mguu nikavuta zaidi, kwa sababu nilikuwa nimeapa, na chungu kikapinduka kikavunjika, uzi ukakatika, na kamba nzima ya asmini ikaangukia kofia ya bwana shamba.

Bi Zeyana akasema kwa upole kabisa, "Kumbe asmini za Bi Mwanaidi siku hizi zinaota kwa uzi."

Mavyaa akanitazama. "Maua yangu yako wapi?"

Nilitafuta uongo, nikakosa hata mmoja. Nikasema, "Haji alirudi jana, mama."

Kisha nikasikia mwanamke mmoja nyuma anacheka, na wa pili, mpaka wanawake wote wa Forodhani wamejishika mbavu, na Haji namwona anajificha nyuma ya ngoma kubwa ya bendi. Mavyaa akarudisha funguo kwenye kanga, akafunga fundo, akakaza.

Siku mbili hakusema nami. Mti aliuhamishia chungu kingine, ukashika. Siku ya tatu, alasiri, namwona kaingia chumbani kwetu na sahani ya matumba yaliyochumwa kwa mkono wake, akaiweka juu ya mto.

"Haji anaondoka lini?"

"Jumamosi, mama."

"Basi asmini ni zako mpaka Jumamosi. Ungeniomba ningekupa tangu mwanzo." Akafika mlangoni akageuka. "Funguo sahau."

Nilizisahau mwaka mzima na nusu. Na tangu siku hiyo ua la mtu siligusi mpaka nimeomba, na uzi nikishona chochote, nakata.