Diski Tuliyoiatamia

Sisi tuliokulia Mukurweini miaka ya tisini tulicheza kila mchezo ambao udongo mwekundu uliweza kuubeba. Wavulana waliteremsha vigari vya waya kutoka kiwanda cha kahawa hadi mtoni, na sisi wasichana tuliruka bladda, ule utepe mrefu wa mpira, mpaka soksi zikaisha visigino. Mpira ulikuwa wa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba za migomba, na ukilowa umande uliuma mguu kama jiwe. Shuleni tulifika vidole vimekufa ganzi, tumevificha ndani ya mikono ya sweta ambayo tulikuwa tumeitafuna mpaka ikaota nyuzi. Jioni tulikula githeri, mahindi na maharage yaliyokuwa jikoni tangu adhuhuri, au ndizi za kuchoma zilizopasukia kwenye jivu. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia habari za zile ndizi huniuliza kama tulizipangusa jivu kwanza. Tulizipuliza, na hiyo ilitosha.

Giza likianza kuingia, mama alisimama mlangoni akatuita kwa majina, kuanzia kwangu mimi kifungua mimba: Nyambura, Muriuki, Wanjiku, Gathoni. Kila mmoja ilibidi aitike kwa kinywa chake. Ukimwitikia mwenzako aliyekuwa bado mtoni, mama aliijua sauti yako na ulikipata. "Mtu ajiitikie," alisema. Kisha ndipo alipofunga mlango. Alipokuwa anaugua ugonjwa uliomwondoa, baba akiwa tayari ametangulia, hakunipa maagizo mengi. Aliniambia tu nisiwe nafunga mlango kabla sijawasikia wote.

Nilikuwa kidato cha pili. Baba alikuwa ametuachia kisiagi, ile mashine ya kusaga mahindi, katika jengo la mbao pale sokoni, nasi tuliishi chumba cha nyuma yake. Nilivua sare, nikavaa koti la baba lililokuwa na unga mpaka ndani ya mifuko, nikajifunza kukaza mkanda na kusikiliza mota. Sikulia sana habari za shule. Kulikuwa na watu watatu waliotaka kula, na foleni ya akina mama wenye madebe ya mahindi waliotaka kurudi nyumbani kabla ya mvua.

Waliobaki shuleni walikwenda shule, isipokuwa Muriuki. Wakati huo gemu za televisheni zilikuwa zimefika vijijini. Mtu mmoja alifungua banda karibu na stendi, akaweka televisheni ndogo na mashine ya gemu, na wavulana wakajazana humo kama nyuki. Muriuki aliingia hapo na madaftari yake, na wakati mwingine alitoka soko likifungwa. Mwenye banda alipochoka kufukuzana na walimu akafunga, na Muriuki akafuata gemu Karatina. Siku moja hakurudi. Niliita majina mlangoni jioni ile, wasichana wakaitika, na pale pa Muriuki pakawa kimya. Sikufunga mlango mpaka asubuhi aliporudi.

Habari hizo zilifika Kutus kwa Baba Mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa mwenye duka, mwenye kofia isiyotoka kichwani hata kanisani mpaka maombi yaanze. Aliniita Mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, na kwa sababu hiyo hakuweza kunigombeza sawasawa. Alikuja, akakaa juu ya gunia, akanywa chai yote, kisha akasema, "Mama, wewe ni mtoto umebebeshwa watoto. Huyu kijana akilala nje tena, nitakuja na gari niwagawe. Yeye aende Wang'uru kwa shangazi yake akafukuze ndege kwa mpunga. Wasichana nitawachukua mimi. Wewe ukae na hii mashine yako."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo mayatima walivyogawanywa, kila ukoo ulifanya hivyo, na wengine walilelewa vizuri kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimepewa mlango mmoja niufunge watu wote wakiwa ndani.

Nikafikiri: kama Muriuki anafuata gemu, gemu lije nyumbani. Karani mmoja mzee, aliyestaafu kutoka ofisi za ushirika, alikuwa na kompyuta iliyokaa chini ya kitanda chake. Alitupatia kwa kuwa baba alikuwa amemsagia mahindi ya msiba fulani. Ilikuwa na kioo kinene kama kasha la nyuki na kibodi yenye vitufe vizito, lakini tumboni haikuwa na diski, lile bati zito linalohifadhi kila kitu. Bila diski, alituambia, ni kama nyumba isiyo na stoo: utapika, lakini hutakuwa na kitu cha kupika. Nilikuwa nimeweka akiba ya mkanda mpya wa kisiagi. Niliushona ule wa zamani kwa uzi wa viatu, nikawachukua wote watatu, tukaenda Nyeri kuchagua diski.

Duka lilikuwa ghorofani. Fundi alikuwa kijana mrefu mwenye tai fupi, na aliposikia wateja ni watoto wenye unga kwenye nyusi hakucheka, jambo ambalo nalikumbuka mpaka leo. Aliweka diski mbili juu ya meza. Moja ilikuwa na nafasi kubwa, nyingine haikufika hata nusu yake. Akafunga ile kubwa kwenye kompyuta yake, akafungua gemu la mbio za magari. Hatukusikia chochote. Tuliona barabara ikija polepole, kipande, kisha mti, kisha kipande. Akafunga ile ndogo, na kabla Muriuki hajaweka vidole vizuri gari lilikuwa limeshaondoka. Lakini humo ndani kulikuwa na kelele za ajabu. Ilivuma, kisha ikatatarika kama mahindi yanayokaangwa kwenye sufuria yenye kifuniko.

Wanjiku alitaka kubwa. Alikuwa ameambiwa kuna mafunzo ya kupiga chapa ndani ya kompyuta, na alikwisha kujiona karani. Muriuki alibaki anaitazama ndogo vile mtu anavyoangalia mandazi yakitoka kwenye mafuta. Gathoni aliuliza kama zinauma.

"Dada, nikwambie ukweli," fundi alisema. "Hii kubwa ni ya ofisi. Inabeba kila kitu na hutajua kama iko. Hii ndogo ndio ya gemu, iko na mbio, lakini hiyo kelele ni yako na yeye."

"Mtu akiwa nyuma ya ukuta wa mbao ataisikia?"

"Ataisikia mpaka akasirike."

"Basi tufungie hiyo."

Wanjiku alinuna kutoka Nyeri mpaka Mukurweini. Alidhani nimempendelea kaka yake kwa sababu ni mvulana, na Muriuki naye alidhani nimeshindwa na macho yake. Hakuna aliyejua kwamba mimi nilikuwa nimenunua ile kelele. Muriuki aliibeba diski kifuani, imeviringwa kwenye sweta ya shule ya Gathoni.

Kisiagi na kompyuta havikuweza kufanya kazi pamoja. Mota ilipoanza, taa ilififia na kompyuta ikazimika. Kwa hiyo sheria ilikuwa kwamba watoto wangoje nifunge kazi. Nikizima mota niligonga ukuta kwa spana, nao wakaiwasha. Nilibaki huku nikifagia unga na kushona magunia, na kupitia zile mbao nikasikia diski ikivuma, kisha ikitatarika, kisha ugomvi wa zamu ya nani. Nilijua wote wako ndani. Sikuhitaji kuita majina tena. Nilisikiliza kidogo tu, nikaja nikafunga mlango.

Kwa udogo wake, kila gemu jipya lilipoingia la zamani lilitoka, na kulifuta kulikuwa kesi kamili. Gathoni alisimama mbele yetu akalitetea gemu la chura wake kama wakili, huku machozi yanamtoka. Wanjiku alipata mafunzo yake ya chapa baada ya Muriuki kukubali kufuta ndege za vita, na usiniulize Muriuki alilipwa kazi ngapi za kuteka maji. Watoto wa leo wana nafasi ya kuweka kila kitu, na hawana kitu cha kugombania wala cha kulilia.

Basi ukaja mwezi wa saba. Anayeijua Nyeri anaujua mwezi huo: ukungu unakaa mpaka saa sita, kuni hazishiki, na mafuta ya kupikia yanaganda kama nta. Ilikuwa Jumamosi, na Baba Mkubwa alikuwa ametuma ujumbe kwamba atapita. Adhuhuri nilizima mota ipoe, nikagonga ukuta. Sikusikia kitu. Nikagonga tena. Niliwaacha akina mama kwenye foleni nikazunguka nyuma. Wanjiku na Gathoni walikuwa mbele ya kioo cheusi. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa tumbo, bisibisi iko mezani.

"Imekataa kuamka tangu asubuhi," Wanjiku alisema. "Muriuki ameitoa akaenda nayo."

"Ameenda wapi?"

Wanjiku hakujua, na sikungoja Gathoni afungue kinywa. Nilikimbia mpaka stendi na koti la unga, nikauliza kila aliyesimama pale. Hakuna aliyemwona, lakini gari la Karatina lilikuwa limeondoka muda si mrefu. Nilirudi mbio. Nilipofika uani, Baba Mkubwa alikuwa anashuka kwenye pikapu yake. Pikapu ilikuwa tupu nyuma, imefagiwa. Niliangalia pale nyuma nikajua amekuja na nafasi ya watoto.

"Mama, kijana yuko wapi?"

Gathoni ndiye aliyemshika mkono, kwa utulivu kabisa, akampeleka kwenye kibanda cha jikoni tulikoweka kasha la vifaranga. Nilifuata. Muriuki alikuwa amejikunja ndani ya kasha lile, taa ya chemli mbele yake, vifaranga wamempanda mapajani, na diski iko kwapani chini ya sweta mbili.

Baba Mkubwa aliinama, akatazama kwa muda. "Huyu naye anafanya nini?"

"Anaatamia kompyuta," Gathoni akasema.

Muriuki hakuinuka. Alisema kwamba mafuta ya ndani yameganda kwa baridi, kwamba ikipata joto itazunguka, na tafadhali wafunge mlango kwa sababu upepo unaingia. Baba Mkubwa akaufunga mlango. Nadhani hakuwahi kuamrishwa na mtoto maishani mwake, na alitii.

Tulipoirudisha mahali pake, Muriuki aliiwasha. Ikakwama, ikagugumia, kisha ikavuma na kutatarika, na mimi nikakaa chini sakafuni. Baba Mkubwa alipewa zamu. Aliingiza gari mtoni, akaingiza kwenye ukuta, akaomba tena, na kofia ikamtoka bila yeye kujua. Alipokuwa anaondoka alinipa mkono kama anavyompa mtu mzima. "Mama, hawa wakae," akasema. "Mtoto anayeweza kulala na kuku ili asitoke nyumbani, mimi nimpeleke wapi?" Pikapu ikarudi Kutus tupu.

Wote walikua hapo hapo, nyuma ya ukuta ule. Wanjiku ni karani kweli, yuko Eldoret. Gathoni yuko ng'ambo na hunipigia simu Jumapili. Muriuki yuko Nairobi, na mwezi wa saba uliopita alikuja na kijana wake. Walipitia Nyeri kumnunulia diski ya kompyuta yake ya gemu. Kijana alichagua siku nyingi kwenye simu, akisoma maoni ya watu asiowajua kutoka nchi asizozijua, na alichokuja kunionyesha ni kitu chembamba kama biskuti. Akaniambia kinabeba mara elfu kadhaa ya kile chetu, na gemu linafunguka kabla hujapepesa.

"Na haina kelele hata kidogo, Shangazi. Ndani hakuna kinachozunguka."

"Sasa mama yako anajuaje uko nyumbani?"

"Anaona niko onlaini," akasema, akanihurumia.

Muriuki alicheka, lakini hakutuangalia. Alikuwa amekwenda kwenye rafu ya spana, ambapo diski yetu imekaa miaka hii yote bila kazi. Aliishika, akaipuliza unga, na huku akiniuliza habari za ng'ombe na za bei ya kahawa akaiingiza kwapani chini ya jaketi lake zuri. Kijana akamuuliza baba yake anafanya nini. Muriuki akafunga zipu ya jaketi.

Siku hizi nyumba ina umeme usiofifia, vyumba vinatosha, na kila mtu ana kioo chake na masikio yaliyozibwa. Hakuna anayelilia chura aliyefutwa. Sisemi walioko sasa wanapendana kidogo kuliko sisi. Nasema tu kwamba sisi tulisikiana, hata tulipotaka kunyamaza.

Jioni hiyo nilikwenda kufunga mlango. Kijana alikuwa anacheza chumba cha nyuma, na kweli hakukutoka hata mlio. Nilisimama na komeo mkononi nikisikiliza, na kwa kuwa sikusikia kitu, nikaita. Nikaita jina la kijana, hakuitika, masikio yake yalikuwa na kazi. Nikaita Muriuki, akaitika kutoka upande wa kisiagi. Kisha ulimi ukaendelea wenyewe, Wanjiku, nikiwa najua yuko Eldoret. Muriuki akamwitikia kwa sauti ya kununa. Nikaita Gathoni, na Muriuki huyo huyo akaitika kwa sauti nyembamba, kama ya mtoto anayeshika ukingo wa koti lako.

Mama hangekubali. Mimi nilikubali, nikafunga mlango.