Wakulima wa Mtaa wa Mabanzi

Mwaka ule wa themanini na tatu, ukimwuliza mtu yeyote wa Tunduma anafanya kazi gani, alikujibu "mkulima" hata kama mikono yake ilinuka petroli. Hakuwa na nia mbaya. Redio ilihubiri kilimo asubuhi na jioni, na tangu uanze msako wa wahujumu uchumi, jibu lingine lolote lingeweza kukulaza ndani. Mwasiti binti Zahoro, mzaliwa wa Ujiji, naye alikuwa mkulima wa namna hiyo hiyo.

Shamba lake lilikuwa kibanda cha mabanzi kando ya barabara, karibu kabisa na mpaka. Alikuja huku na mume aliyejenga reli. Reli ikaisha, mume akafuata kazi kwingine na kupotelea huko, Mwasiti akabaki na masufuria yake. Aliwapikia madereva wali na maharage, na chini ya kitanda aliweka sabuni na mafuta ya kupikia kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, vitu ambavyo madukani kwetu vilikuwa vimebaki kuwa hadithi. Wateja wa Zambia walimwita bamayo, yaani mama, kwa lugha yao. Mtaa mzima wa Mabanzi uliishi hivyo, kwa kuvusha hiki na kurudi na kile. Hata jirani yake Tabita, Mnyiha wa Itaka na mlokole asiyekosa ibada, alivusha maharage huku midomo ikisali. Na kwa kuwa Mwasiti ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, kila alipotokea mgeni mwenye karatasi mkononi, macho yote yalimgeukia yeye.

Basi wageni wakaja. Walikuwa wanafunzi wa mipango miji kutoka chuo kimoja cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Ulaya, vyuo vilivyoshirikiana kufundisha namna ya kupanga mji ili maskini naye apate nafuu. Mwalimu wao Mzungu, mama mrefu aitwaye Inga, alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka likachosha: asipangiwe mtu mji bila kuulizwa. Neno zuri, nani atalikataa? Ila kwa utaratibu wa ofisi walipewa mgambo wa kuwasindikiza, na mgambo yule alisimama nyuma yao kila mlango walipobisha.

Tabita alikuwa wa kwanza kuwaona.

"Dada Mwasiti, wanakuja na kamba za kupimia! Tufanyeje?"

"Ficheni vitu. Zimeni majiko. Na mtu akiulizwa, ni mkulima."

Watu wa Mabanzi wakaufanya uongo wao kwa bidii ya ajabu. Mizigo ilihamishwa, majembe yakaazimwa na kuegemezwa milangoni. Waliokuwa hawajui mtama unapandwa lini walisimulia mavuno kama wamezaliwa shambani. Lusubilo, mmoja wa wanafunzi wale, mzaliwa wa Mbozi hapo hapo, ndiye aliyekuwa mkalimani. Inga alipouliza mtaa unapungukiwa na nini hasa, Mwasiti alijibu bila kusita: ardhi. Mashamba yako mbali, alisema, kina mama wanatembea mpaka miguu inavimba. Alieleza vizuri mno, na machozi yakamlengalenga yule mama Mzungu. Mwasiti mwenyewe, Mungu amsamehe, alijisikia fahari kidogo.

Mvua zilipokwisha wageni walirudi, na ramani zikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya chama. Mtaa wa Mabanzi ungehamia kwenye mteremko wa njia ya kwenda Ndalambo, mbali na mpaka. Kila kaya ingepata kiwanja, shamba na bomba la maji karibu. Pale barabarani pangepandwa miti. Kwa mkulima ulikuwa mpango wa kushukuru Mungu. Mwasiti aliitazama ile njia kwenye ramani. Dereva gani angepanda mteremko kufuata sahani ya wali? Aliona vibanda vyote vikifa njaa kwa ulimi wake.

Kabla mkutano wa kuupitisha mpango haujaanza, akamvuta Lusubilo pembeni.

"Mwanangu, sisi si wakulima."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Mimi ni mtoto wa Mbozi. Sabuni ya nyumbani kwetu inatoka kwenu. Lakini mgambo alikuwa nyuma yangu. Ningetafsiri nini? Niliona nikiandika mkulima nitawaokoa."

"Sasa mwambie mwalimu wako abadilishe."

"Atabadilisha, ana moyo huo. Ila wilayani watamwuliza sababu."

"Na sababu ni sisi."

"Ndiyo, mama. Atalazimika kusema mnaishi kwa kitu gani."

Mwasiti hakumlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na hasira ile haikuwa na pa kwenda. Uongo wao wawili, wa kuwalinda watu wale wale, ulikuwa umekutana na kuwafukuza. Alimfikiria Tabita na wanawe wadogo, kisha akaifikiria rumande. Akamwambia kijana anyamaze.

Mkutanoni afisa wa wilaya alimsimamisha balozi. Je, haya kweli ndiyo maombi ya wananchi? Pale pembeni mgambo alikuwa amekaa na wenzake. Tabita alishika upindo wa kanga ya Mwasiti, akauvuta, labda kumwomba aseme, labda kumwomba asiseme. Mwasiti hakugeuka kumtazama.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo tulivyoomba wenyewe."

Makofi yakapigwa. Inga akaja mbio, akaishika mikono ya Mwasiti na kuongea kwa furaha. Lusubilo alitafsiri bila kuinua uso: kwamba mwaka ujao, Dar na kule kwao, mtaa huu utafundishwa darasani uwe mfano wa namna ya kumsikiliza maskini kabla ya kuchora mstari wowote.

Kelele zilikuwa nyingi, Tabita hakusikia vizuri.

"Anasemaje huyo mama?" akanong'ona.

"Anatushukuru," Mwasiti alimjibu, "kwa kumwambia ukweli."