Bibi wa Ndani, Bibi wa Nje

Ningeweza kumvumilia Yeh Chin-feng kama angekuwa na ubaya hata wa kuazima. Angekuwa mchoyo, au mbea, au mvivu, ningelala usingizi. Tangu binti yake Pei-shan aolewe na mwanangu Ting-wei, miaka sita sasa, nimemtafutia kasoro kwa taa na kwa tochi, nikaambulia moja tu: anakula kwa sauti. Na hiyo nayo si kasoro, kwa sababu kwetu supu ya tambi isiyovutwa kwa sauti haijaliwa.

Mimi ni mtoto wa bandari, mzaliwa wa Keelung, na miaka thelathini na moja nimekaanga kababu za samaki kwenye mtaa wa hekalu. Chin-feng ni wa Yilan, ng'ambo ya milima. Akiwa na miaka tisa alikuwa tayari na mdogo wake mgongoni, na huyo akishuka anapanda mwingine, wanne kwa zamu. Alipofika kumi na sita akawa kondakta wa basi, enzi zile makondakta wote walikuwa wasichana, kofia kichwani na filimbi mdomoni. Mumewe alikufa mapema. Akaenda kupika kwenye shule ya chekechea, na huko akakaa miaka ishirini na sita. Haya yote alinisimulia mwenyewe siku ya harusi, huku anacheka kana kwamba anasimulia maisha ya jirani. Mimi nikiwa na shida hata ya jino, mtaa mzima unajua. Yeye anacheka. Hapo hapo kijiba cha roho kikanishika, na hakijaniachia.

Lakini yote hayo ningeyameza kama si wajukuu. An-chi ana miaka minne, na mdogo wake, tunayemwita Doudou, alikuwa wa mwaka na nusu. Wazazi wao wote wawili wanafanya kazi kiwandani Hsinchu, na kuanzia Septemba zamu zao zingebadilika, kwa hiyo watoto ingebidi walelewe na bibi mmojawapo, wazazi waje mwisho wa wiki. Bibi yupi? Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha. Pei-shan alisema, "Kwanza twende safari ya meli sote pamoja, Mama. Tukirudi tutaamua." Siku nne, kutoka Keelung hadi bandari za Ishigaki na Naha, kisha kurudi. Wenzangu walisikia safari. Mimi nilisikia mtihani.

Na kwa haki ya mila hapakuwa na cha kuamua. Kwa lugha yetu, mzaa baba ni bibi wa ndani, mzaa mama ni bibi wa nje. Si tusi, ndivyo maneno yalivyo tangu mababu. Vijana wa leo wanasema Ama huyu na Ama yule, yaani bibi tu, hawataki kusikia ndani wala nje, lakini mimi nilihakikisha An-chi amefundishwa.

"Yule ni nani?"

"Ama wa nje."

"Na mimi?"

"Ama wa ndani!"

"Haya, chukua peremende."

Sasa sikiliza jinsi mdomo ulivyoponza kichwa. Mwezi mmoja kabla ya safari, niko na karai la mafuta ya moto mbele yangu, wateja wamepanga foleni, Ting-wei akapiga simu.

"Mama, haraka, wakala yuko kwenye laini nyingine. Wewe ndani au nje?"

"Swali gani hilo? Umeanza kunivunjia heshima?"

"Mama, jibu tu. Ndani au nje?"

"Mimi ni wa ndani! Wa ndani tangu siku niliyokuzaa! Huyo mwingine ndiye wa nje!"

"Una hakika? Maana mama yake Pei-shan alisema popote tu."

"Popote yake, si yangu. Andika hivyo hivyo nilivyosema."

"Haya, Mama. Haya."

Nikaendelea kugeuza kababu zangu, nimevimba kwa ushindi.

Siku ya kupanda meli, mhudumu alinifungulia mlango wa chumba changu. Kitanda, kabati, kioo, na pazia zito la bluu. Nikasema, vizuri, ngoja nione bahari. Nikavuta pazia, nyuma yake ukuta. Nikavuta upande wa pili, ukuta. Nikatoka kwa hasira kwenda kumtafuta mwanangu, nikamkuta kwa Chin-feng, na huko, yaani, mlango wa kioo, roshani, viti viwili, na bahari nzima imelala miguuni pake.

"Mbona mimi nimewekwa stoo?" nikauliza.

"Mama, si nilikuuliza? Vyumba vya ndani havina dirisha, vya nje vina roshani."

"Uliniuliza habari za ukoo!"

"Nilikuuliza habari za chumba!"

Pei-shan aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Chin-feng hakucheka. Alishika mkono wangu, akasema, "Mkwe, tubadilishane. Mimi nimelala miaka mingapi nyuma ya jiko la shule, dirisha la nini?"

"Sitaki. Mwanga mwingi unaniumiza macho."

Ndivyo nilivyo. Kwa kiburi nitakufa. Kibaya zaidi, kitanda cha Doudou hakikuenea chumbani kwa wazazi wake, kwa hiyo kiliwekwa kwa bibi wa nje, kwenye upepo mwanana. Na mimi wa ndani nikabaki na pazia langu.

Siku ya kwanza nilimbeba Doudou hadi kwenye bwawa la kuogelea, nimemvika kofia ya samaki, ili watu waone. Hata kidole hakijagusa maji, kijana wa kazi akaja mbio. "Samahani, bibi, mtoto wa nepi haruhusiwi." Watu wakatugeukia. Doudou akaangua kilio cha kupasua anga. Nikarudi naye, aibu imenivaa, nikamkuta Chin-feng anapuliza beseni la mpira alilokuja nalo kutoka Yilan. Alikuwa amesoma masharti ya meli yote, hata herufi ndogo. Akalijaza maji pale roshanini, akawaweka watoto wote wawili ndani, akabana midomo akapiga mluzi wa kondakta. "Wa nyuma songeni! Wenye tiketi mkono juu!" Wakainua mikono, wanacheka mpaka wanakosa pumzi. Mimi nimesimama mlangoni na kofia ya samaki mkononi. Niliona wivu, sifichi. Nilimwonea wivu mluzi wake, beseni lake, na magoti yake yanayokunjika bila kulia.

Kila mlo ulikuwa hivyo. Meza za meli zimejaa vyakula vya dunia nzima, na Doudou anageuza uso. Chin-feng anaomba wali mtupu na maji moto, anauponda kwa mgongo wa kijiko, mtoto anafungua kinywa. Kisha ananipa mimi kijiko. "Mlishe wewe, mkwe, mkono wangu umechoka." Mkono haukuwa umechoka. Alikuwa ananionea huruma. Kuhurumiwa na mtu unayemwonea kijicho, hakuna pilipili inayowasha kama hiyo. Nilimlisha mtoto huku nimeuma meno, na Pei-shan anatutazama, na mimi nahesabu moyoni: amenikata alama, amempa mama yake alama.

Siku ya tatu tulikuwa tumeshaondoka Naha, tunarudi. Asubuhi hiyo Doudou alifanikiwa kwa mara ya kwanza kuvuka ukingo wa kitanda chake, tukampigia makofi sote. Mchana akakataa kulala, jua la baharini linaingia chumbani kama limealikwa. Wazazi walikuwa wamempeleka An-chi kwenye chumba cha michezo, ambako wa chini ya miaka mitatu hawapokelewi. Nikaenda kwa Chin-feng na ndizi mbili. Mlango ulikuwa umezuiwa kwa kandambili ili hewa ipite. Maji ya bafuni yalikuwa yakimwagika, na yeye ndani anaimba. Mlango wa roshani ulikuwa wazi, upana wa kupita mtoto. Doudou amesimama kitandani mwake, ananinyooshea mikono. "Ama."

Nikamnyanyua. Nikaenda hadi mlango wa bafu, nikakunja ngumi kugonga. Ngumi ilishainuka. Nikaiteremsha. Sikupanga, lakini nilijua ninachofanya. Nilitaka aonekane, mara moja tu, kuwa naye anaweza kukosea.

Kwenye chumba changu nilizima taa. Giza lile lisilo na dirisha, nililolitukana siku tatu, lilimfanya mtoto alegee dakika ile ile. Akalala kifuani pangu, jasho la kichwa chake linanukia maziwa. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tangu azaliwe. Kisha kipaza sauti cha meli kikaita: anatafutwa mtoto wa mwaka na nusu, fulana ya njano. Kikaita mara ya pili. Nikasikia watu wanakimbia kwenye ujia, nikasikia redio za wafanyakazi. Baadaye wote walisema, maskini, alisinzia. Sikusinzia. Nilisema moyoni, dakika moja tu. Ikaisha, nikasema, moja nyingine.

Ting-wei ndiye aliyegonga. Alipomwona mtoto alikaa chini pale pale mlangoni.

Tulimkuta Chin-feng roshanini, sakafuni, taulo mwilini, povu la shampuu bado kichwani linamtiririkia machoni. Vidole vyake vilikuwa vimeshika nondo za ukingo, na mhudumu wa kike alikuwa anajaribu kuvibandua kimoja kimoja. Alimwona Doudou mikononi mwa baba yake, vidole vikaachia vyenyewe.

Pei-shan alinigeukia. "Mama, kwa nini hukusema? Kwa nini hukumwambia mtu?"

Septemba nzima ilikuwa ndani ya swali lile. Watoto wangeenda zao Yilan, nami ningewaona sikukuu hadi sikukuu.

"Nilisema," nikajibu. "Niligonga bafuni. Nikasema, 'Mkwe, namchukua Doudou, jua limezidi humu.' Akajibu, 'Haya.'"

Sijui lile "haya" lilitoka wapi. Lilikuja lenyewe, tayari, na sauti yake.

Wote wakamtazama Chin-feng. Nilingoja aniite mwongo. Naapa nilitamani aniite, tugombane, tuvutane nywele, yaishe.

"Nilijibu haya?" akauliza.

"Ulijibu."

Alifuta povu kwenye jicho kwa mgongo wa mkono. "Mama yangu alianza hivi hivi," akasema taratibu. "Alikuwa anajibu watu, halafu hakumbuki."

Pei-shan alipiga magoti, akaanza kumsuuza mama yake nywele kwa maji ya lile beseni.

Kesho yake tukinywa chai, milima ya Keelung imeshaonekana, Chin-feng akazungumza kabla hajaulizwa. "Watoto waende kwa mkwe. Kwake Doudou alilala. Mimi nisije nikamwacha kwenye jiko lenye moto." Pei-shan alilia, lakini hakubisha. Ting-wei alinitazama akitabasamu, kana kwamba ananipongeza. Nikajimiminia chai, ikamwagikia sahani.

Kwa hiyo nimewapata. Huu ni mwezi wa tatu wanalala kwangu. Nimefunga kibanda cha kababu, nawapika wali wa kuponda, Doudou amenenepa. Unadhani wivu umeisha? An-chi anapanga viti sebuleni, anataka tucheze basi. Ananiambia, "Ama, piga mluzi." Nabana midomo, unatoka upepo. "Sivyo hivyo," anasema, anakwenda zake kucheza na mwanasesere. Hata akiwa ng'ambo ya milima, yule mwanamke bado ananishinda ndani ya nyumba yangu.

Pei-shan alimpeleka mama yake hospitali. Walimwonyesha picha, wakamwambia achore saa, wakamwambia ataje maneno matano. Daktari akasema hana ugonjwa wowote. Chin-feng hakumwamini. Siku hizi anaandika kila kitu kwenye karatasi na kubandika ukutani, amezima gesi, amefunga mlango, amekula. Ameacha kupanda basi peke yake, asije akapitiliza kituo. Yeye, aliyekuwa akivijua vituo vyote vya pwani kwa kichwa.

Kila Jumapili anapiga simu kuongea na watoto. Nami kila Jumapili naamka na maneno mdomoni: mkwe, sikugonga. Nayashika hadi simu inalia, kisha namtazama Doudou anavyochezea soksi zake, nayameza.

Jumapili iliyopita hakuwaulizia watoto kwanza.

"Mkwe," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya siku ya harusi, yenye kicheko ndani. "Nimekumbuka! Leo alfajiri, nilikuwa naosha nywele, yote yakanirudia. Nilikuwa na shampuu kichwani, naimba. Ukagonga mara mbili. Ukasema jua limezidi humu. Nami nikasema haya. Nimekusikia kabisa, mkwe, hata mlio wa ngumi yako kwenye mlango." Alikuwa analia kwa furaha. "Basi sijaharibika, siyo? Ningekuwa nimeharibika nisingekumbuka. Ulinigongea mara mbili, siyo?"

Doudou alikuwa amelala mapajani mwangu.

"Ndiyo, mkwe," nikamwambia. "Mara mbili."