Hujuma na Gogo la Mzee Barasa

Sisi tuliosoma shule za msingi huku Trans-Nzoia miaka ile ya elfu mbili na kidogo, neno hujuma tulilisikia redioni kabla mwalimu hajaliandika ubaoni. Taarifa ya habari ya jioni haikukosa mtu aliyehujumu kitu: kiwanda, chama, mradi wa maji. Basi tukalibeba hadi uwanjani. Mtu akikanyaga mpira wetu wa makaratasi ukafumuka, hujuma. Dada akikomba sufuria ya uji kabla hujaamka, hujuma. Kengele ikilia wakati timu yako ndiyo inaongoza, hiyo ni hujuma ya mwalimu wa zamu. Tulilitamka vifua mbele, kama watangazaji wenyewe.

Mama hakupenda mchezo huo. Alizaliwa Bumula, akaolewa Kachibora, na l na r alizibadilisha apendavyo bila kumwomba mtu radhi. Siku moja kuku waliyavamia mahindi yaliyoanikwa uani, nami nikapiga kelele kwamba kuku wanatuhujumu.

"Nekesa," akaniambia, "kuku hana hujuma. Kuku ako na njaa. Hujuma ni mtu akae chini, afikilie vile utaumia, halafu ainuke afanye."

Nimefungua kamusi nyingi tangu siku hiyo, na bado namwona mama amewashinda waliozitunga.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka mashine ya kupukuchua mahindi. Trekta liliivuta boma hadi boma, na mlio wake ulisikika vijiji viwili mbele. Ukikosa zamu yako, lilienda zake, na kulingoja lirudi ilikuwa majuma. Mwaka niliokuwa darasa la saba mvua ilikataa kuisha. Mahindi yetu ghalani yalianza kutoa harufu ya uvundo, na ndiyo yaliyokuwa chakula chetu na karo yetu. Baba alikuwa karani Bungoma mjini, tukimwona Jumamosi tu. Zamu yetu ikaangukia katikati ya juma.

Asubuhi hiyo tulikuta gogo la mkaratusi limelala katikati ya njia ya kuingia kwetu. Si kwamba mti ulianguka. Gogo lile tulilijua, lilikaa miaka nyuma ya zizi la jirani yetu Mzee Barasa, na alama za kukokotwa na ng'ombe zilitoka zizini kwake hadi hapo. Mama alikuwa amekataa kumkodishia shamba letu la chini. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi nje ya nyumba yake anakunywa chai, macho yake huku kwetu.

"Mama, mimi sina siku ya kupoteza nikikokota gogo," dereva wa trekta akasema. "Nikigeuza hapa, si naenda mbele tu."

Mama akatazama gogo, akatazama mawingu upande wa Mlima Elgon. "Sasa hii ndio hujuma," akasema, taratibu kabisa. Sijawahi kumsikia akiliita jambo lingine lolote hivyo, kabla wala baada.

Nilidhani ataenda kugombana. Hakwenda. Alimwambia dereva aiweke mashine tayari palepale barabarani, mbele ya gogo, kisha akarudi ghalani na kutoka na karai la mahindi kichwani. Enzi hizo mtu akisikia mashine kwa jirani, alikuja bila kuitwa. Mama Wambui, ambaye watu wake walitoka Mkoa wa Kati wakahamia huku, alikuja na kiondo chake. "Mikono si iko? Tubebe, bana." Wanawake wakapanga mstari. Sisi tuliokuwa njiani kwenda shule tukaweka mifuko chini, na mwalimu wa zamu alipopita akakuta nusu ya darasa lake imebeba mahindi, alivua koti akashika gunia. Tuliliruka lile gogo mpaka likalainika. Waliochoka walilikalia, vikombe vya chai vikawekwa juu yake. Upepo nao ukawa upande wetu, ukapeperusha makapi yote hadi kwa Mzee Barasa, naye akahamisha kiti na chai yake nyuma ya nyumba.

Mvua ilianza tukifunika gunia la mwisho. Hakuna hata moja lililolowa.

Desturi ilikuwa mwenye mahindi apikie waliosaidia. Mama alichinja jogoo wawili, akasonga ugali, na sahani ya kwanza akanipa mimi. "Perekea mzee."

Nilienda nayo. Mzee Barasa aliipokea kwa mikono miwili, na kesho yake asubuhi gogo lilikuwa limerudi nyuma ya zizi. Msimu uliofuata, yeye ndiye aliyetushikia midomo ya magunia.

Leo naishi Kitale mjini. Nikizima intaneti ili mwanangu alale, hulalamika, "Mathe, hiyo sasa ni hujuma." Nacheka, ila pia namhurumia, maana neno analo na watu wa kubeba naye hana. Juzi mtu alikasirishwa na jirani akaegesha gari makusudi langoni pa ploti yetu. Sote tulitoa simu, tukapiga picha, tukaandika maneno makali kwenye kikundi, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Gari lilikesha pale.

Nilimsimulia mama nilipomtembelea Bungoma, walikohamia baba alipostaafu. Ndipo nikamuuliza kuhusu ile sahani, maana miaka yote nimewaambia watu kwamba ulikuwa msamaha.

Alicheka sana, akajipangusa macho kwa leso.

"Msamaha ulikuja baadaye," akasema. "Siku hiyo nilitaka tu ajue tumemaliza."