Jiwe la Nyuma ya Jiko

Donatille alipohamia ile nyumba ya matofali ya kuchoma, watu wa mtaa wa Shanwe walimhesabia siku. Nyumba imechoka, walisema. Bati limeshika kutu, mchwa wameshaonja miimo ya milango, choo kimejaa hadi kinatisha, na ile sakafu nyekundu iliyokuwa fahari ya mtaa mzima imepasuka kama kisigino cha mkulima. Mama wa watu ameuziwa gofu, masikini. Lakini hao wasemaji hawakumwona siku ya kwanza alipofunga mlango kwa ndani, akaegemeza mgongo ukutani, akateleza mpaka chini na kilemba chake kichwani, akalia. Na ieleweke kwamba alilia kwa furaha, maana kuna watu wakiona chozi la mjane wanakimbilia kutoa pole.

Alikuwa na miaka hamsini na mitano, na tangu azaliwe hajawahi kumiliki ukuta. Alitoka Burundi mgongoni mwa mama yake, mwaka ule wa sabini na mbili, hata kutembea vizuri hajajua. Akakulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akaolewa hukohuko na Méthode, wakalima maharage na mihogo mpaka viganja vikawa vigumu. Nyumba yao ilikuwa ya tope. Siyo kwamba Méthode hakujua kufyatua tofali, alijua sana. Ila kila alipotaka kujenga ya maana, maneno yalipita kwamba watu watahamishwa. Mara mwakani, mara baada ya mavuno. Sasa nani atajenga nyumba ya kuiacha? Nani atapanda mwembe, aje aule nani? Hata walipopata uraia maneno hayo hayakuisha upesi, na Méthode akafa bado anasubiri kuambiwa aende wapi.

Basi Egide, mtoto wao pekee aliyekua, mwalimu huko Tabora, akamwambia mama yake: sasa utakaa mahali ambapo hakuna wa kukutoa. Ile ya Katumba wakawauzia vijana wawili waliooana juzijuzi, kisha wakanunua hii ya Shanwe.

Muuzaji aliitwa Telesphor, na nyumba aliijenga marehemu baba yake. Mauziano yalifanyika ofisi ya serikali ya mtaa. Alikuwepo Telesphor, alikuwepo mwenyekiti, alikuwepo Egide na mashahidi wanne, wanaume watupu, wakikohoa na kupeana kalamu. Donatille aliitwa ndani kuweka sahihi tu. Mama yake Telesphor, Bibi Fausta, Mpimbwe wa Usevya, yeye hakuitwa kabisa. Alikaa kwenye benchi la nje, rozari mkononi. Mwanawe alikuwa ameshamhamishia kwake Makanyagio, upande wa pili wa mji, na hakuna aliyemuuliza neno.

Donatille akaanza maisha. Akaziba nyufa za sakafu kwa saruji, akapulizia dawa ya mchwa, akabadilisha kufuli mara mbili katika mwezi mmoja. Lakini sanduku lake la bati hakulifungua. Lilikaa karibu na mlango, na juu yake mfuko wa shangazi kaji ukiwa umefungwa kamba. Akitaka gauni anachomoa moja, akilifua analirudisha na kufunga kamba tena. Jirani yake, Verdiana, mwanamke mwenye mdomo usio na likizo, alimuuliza, "Mama Egide, kwani unasafiri?" Donatille akacheka tu. Atamwelezaje mtu kwamba mikono yake haijui kupanga nguo kabatini?

Nyuma ya jiko palikuwa na jiwe bapa, pana kama ungo, limelala chini ya upenu. Lilimpendeza. Aliweka beseni lake la kufulia hapo, na jioni akitoka sokoni alikaa kwenye kigoda akasugua miguu yake juu ya jiwe hilo. Nyumba nzima, pale ndipo mwili wake ulipopumzika kweli.

Mwezi wa pili tangu ahamie, Bibi Fausta akaja. Ilikuwa asubuhi, ametoka misa. "Shikamoo, bibi. Karibu ndani." "Marahaba, mwanangu. Nimepita tu." Kumpita mwenyeji wake mlangoni siyo adabu ya mtu mzima, lakini alipita, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Akaliona beseni juu ya jiwe. Akaona na povu la sabuni. Akasimama kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kisha akaaga bila hata kunywa maji.

Baada ya wiki mbili akaja tena. Akasimama palepale.

"Huyo anajuta," Verdiana akasema, akiwa ameegemea ua. "Nawajua wazee wa hivyo. Atakuja na kesi, atasema hakushirikishwa, na kweli hakushirikishwa! Shauri yako. Utajikuta barabarani na hilo sanduku."

Verdiana aliyasema hayo akaenda kupika, akasahau. Donatille hakusahau. Barabarani na sanduku! Hofu aliyoizoea tangu utoto ikarudi. Mkataba wa nyumba na hati yake ya uraia akavitia kwenye mfuko mmoja wa plastiki, akaufunga kiunoni, akawa anapika nao na kulala nao. Kila mbwa akibweka alifikiri ni Bibi Fausta na mwenyekiti. Akaona dawa ni moja, kuijenga nyumba iwe yake hasa, ionekane imeguswa. Choo kipya kwanza. Akamtafuta mzee Optatus, mchimbaji wa mashimo, na Optatus akachagua nyuma ya jiko, maana pale udongo ni mgumu na hautabomoka.

Siku hiyo Optatus alikuwa anapima kwa kamba na vigingi, na Bibi Fausta akatokea. Mara ya tatu. Akaziona zile kamba zimelizunguka jiwe, akashika kichwa.

"Hapa mnafanya nini?"

Jamani, Donatille alilipuka. Mwanamke ambaye Katumba nzima haikuwahi kusikia sauti yake, alichomoa mfuko kiunoni, akautikisa mbele ya macho ya yule mzee. "Nachimba choo! Nachimba kwangu! Nyumba nimenunua, bibi, makaratasi haya hapa, mwanao ameweka sahihi! Mnataka nihame niende wapi tena? Mimi sihami! Umenisikia? Sihami!"

Verdiana na wenzake walishajaa kwenye ua. Bibi Fausta akasema kwa sauti ndogo, "Sijaja kwa ajili ya nyumba."

"Sasa umekuja kwa ajili ya nini?"

Bibi kizee akafungua mdomo. Akamtazama Optatus aliyesimama pale na kamba yake mkononi. Akaufunga. Akajitanda kanga yake vizuri, akaondoka, na Donatille akabaki akijiona ameshinda.

Jumatatu Optatus akaanza kazi. Alilinyanyua jiwe kwa mtaimbo, akalibiringisha pembeni, akachimba. Donatille alikuwa ndani akichagua mchele. Shimo lilipofika magotini, akasikia mtaimbo umegonga kitu kisicho jiwe.

"Mama Egide. Hebu njoo."

Alikwenda na ungo wake mkononi. Kwenye udongo mwekundu palikuwa na chungu kidogo kimefunikwa kwa kigae, ukingo umemeguka pale mtaimbo ulipogusa. Pembeni yake, shingo ya chungu cha pili. Vimelala ubavu kwa ubavu. Optatus akainama kutaka kufunua.

"Usiguse! Toka humo. Optatus, toka nakwambia!"

Mzee wa watu akapanda juu haraka, akafanya ishara ya msalaba, akaenda kukaa barazani mbele ya nyumba. Hakuuliza. Donatille akavua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakishusha taratibu mpaka kikafunika vyungu vyote viwili. Mchele ulikuwa umemwagika na hakujua umemwagika saa ngapi. Hakuhitaji kuelezwa ndani yake mna nini. Alikuwa na miaka ishirini pale mama yake na wanawake wawili wa ukweni walipobeba kichanga chake cha kwanza, kimefungwa kwenye kipande cha mkeka mpya, wakaenda nacho nyuma ya jiko. Kilikuwa kimekaa usiku mmoja tu duniani. Walipiga jembe bila kusema neno, wakarudi wakanawa mikono, na jambo likaisha hapo. Kwa miezi mitatu amekuwa akisugua miguu juu ya watoto wa mtu!

Alikwenda Makanyagio kwa miguu, jua kali, gauni lina udongo. Bibi Fausta alikuwa uani kwa mwanawe akipepeta mchele. Alipomwona akasimama, akaushika ungo kifuani, akidhani amefuatwa kutukanwa mara ya pili. Donatille akapiga magoti.

"Bibi, nimechimba."

Bibi Fausta akaushusha ungo. "Umewatoa?"

"Sijawatoa. Wapo. Nimewafunika."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, bibi."

Bibi Fausta akakaa chini pale aliposimama. Akanyoosha miguu. Ndipo akasema. Walikuwa mapacha, kabla ya Telesphor. Walikaa siku mbili. Padre alikuwa safarini Mwese, na barabara ile hata leo mnaijua ubaya wake, akarudi wameshakwenda bila ubatizo. Wanawake wa kwao wakawaweka chini ya upenu, kama walivyofanyiwa vichanga vya ukoo wao siku zote, na mwanamume haonyeshwi mahali. "Hata baba Telesphor amekufa hajui. Kila asubuhi niliwafagilia. Miaka yote. Halafu mwanangu akaniambia mama, nyumba tumeuza."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuja kukuambia. Mara ya kwanza nikaliona beseni, nikaishiwa nguvu. Mara ya pili nikaogopa, nikasema akijua atarudisha nyumba, Telesphor ataniuliza sababu, nitamjibu nini? Ya tatu palikuwa na mwanamume. Na wewe ulikuwa na makaratasi."

Donatille akalia kwa aibu, waziwazi, na safari hii kama kungekuwa na wa kumpa pole angeipokea.

Walirudi Shanwe pamoja. Optatus akaambiwa choo kitachimbwa upande wa barabara, akaondoka na mtaimbo wake, na kwa kumheshimu niseme kwamba mpaka leo hajamsimulia mtu. Wanawake wale wawili wakaingia shimoni. Hawakutumia jembe. Walirudisha udongo kwa viganja, konzi kwa konzi, na kitenge cha Donatille kikabaki humo. Bibi Fausta alitaja majina mawili kwa Kipimbwe, kwa sauti ya chini, na sisi hatutayaandika. Kisha wakalisukuma jiwe mahali pake, wakaliosha.

"Utafagia?" Bibi Fausta akauliza.

"Nitafagia. Na wewe utakuja siku yoyote, hata nisipokuwepo. Ufunguo nitakupa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameweka kiganja juu ya jiwe, anapumzika. Akamtazama Donatille kwa muda, jinsi alivyokuwa amepiga magoti, jinsi mikono yake ilivyoijua kazi ile bila kuelekezwa.

"Na wewe wa kwako yuko wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Méthode hakuuliza, Egide hata hajui kuwa alikuwa na dada. "Katumba," Donatille akasema. "Nyuma ya jiko."

"Wenye nyumba wanajua?"

Donatille akainamisha kichwa. Alikumbuka siku ya kuuza, Aline, yule msichana aliyenunua na mumewe, akizunguka uwanja kwa furaha, akionyesha kwa kidole wapi ataweka nini, na yeye mwenyewe amesimama palepale anatabasamu, akitamani wamalize aondoke.

"Hapana, bibi. Sikusema."

Bibi Fausta hakumlaumu. Alimpangusa udongo kwenye paji la uso kwa ncha ya kanga yake. "Mimi nilichelewa, mwanangu," akasema.

Kesho yake asubuhi na mapema Donatille alifungua sanduku la bati. Akatoa kila kitu, magauni, mashuka, picha ya Méthode, akavipanga kabatini, na sanduku tupu akalisukuma uvunguni. Akafagia kuzunguka jiwe. Kisha akafunga nyumba, akapanda bodaboda kwenda Katumba.

Ile nyumba ya tope ilikuwa imepata bati jipya. Matofali yalikuwa yamepangwa uwanjani, na kamba za msingi zilishafungwa kwenye vigingi, kutoka ukuta wa jiko kwenda nyuma. Donatille aliingia bila kubisha hodi. Akapita moja kwa moja, akasimama mahali kamba zilipokutana.

Aline akatoka jikoni, ujauzito umeanza kuonekana, mikono ina povu. Alimtambua, akatabasamu, halafu tabasamu likapungua. "Mama? Karibu. Kuna tatizo la nyumba?"

"Nani huyo?" sauti ya mumewe ikauliza kutoka ndani.

"Mwambie abaki hukohuko kwanza," Donatille akasema. "Sijaja kwa ajili ya nyumba, mwanangu. Njoo hapa usimame na mimi."

Aline akapangusa mikono kwenye kitenge chake, akaja.